MAPAZIA YALIYOVAA KAPTULA: Madirisha Matatu, Ukuta Mmoja na Hela Iliyotangulia Vibaya

Kuna video fupi imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Babati. Sebule mpya, tailizi zinang'aa, kochi bado lina nailoni yake ya dukani, na ukuta mmoja wenye madirisha matatu yaliyopangwa mstari. Dada mwenye nyumba anazungusha simu taratibu, muziki unapiga kwa chini, mpaka kamera inafika kwenye mapazia. Hapo watu wakasahau nyumba nzima.

Mapazia yalikuwa mafupi. Na si kidogo. Yalianzia juu kule karibu na dari, yakaishia chini kidogo tu ya dirisha, kama mwanafunzi aliyerefuka ghafla wakati wa likizo halafu sare ni ile ile ya mwaka jana. Mdau mmoja akaandika, "Hongera kwa mjengo, ila mapazia yamevaa kaptula." Mwingine akadakia, "Mabomba matatu ukuta mmoja, hiyo sebule au bweni?" Basi, ikawa ndiyo habari ya mji.

Jina la huyo dada halitajwi hapa, na wanaomjua wafanye hisani wasilitaje huko chini. Inatosha kusema ana saluni mjini, mume wake anaendesha Fuso, na nyumba yao iko upande wa Nakwa. Kwa wasiopajua, Nakwa ni sehemu ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ule mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ni mji wa ziwa lenye viboko, na Mlima Kwaraa umesimama pale unaangalia kila kinachoendelea. Wale wawili walijenga kwa miaka minne, tofali kwa tofali, na mume alisisitiza sebule iwe na madirisha matatu upande mmoja ili mtu akikaa kwenye kochi aone ziwa.

Kwa hiyo wanaocheka wajue kwanza wanacheka jasho la miaka minne.

Kosa lilianzia kwenye simu

Miezi michache kabla ya kuhamia, staa mmoja wa Bongo Fleva (naye hatajwi, ana mawakili) alirusha video ya kuonyesha nyumba yake. Ukuta mzima ni kioo, kutoka juu mpaka chini. Pazia moja refu linashuka kutoka darini mpaka linagusa sakafu, na linafunguka kwa rimoti. Dada wa Nakwa akaipiga picha ile skrini, akaituma kwa muuza mapazia wa mtandaoni aliyeko Dar: "Nataka kama hii, nina dirisha tatu."

Muuzaji akauliza swali la kawaida, "Urefu unataka ngapi?" Dada akachukua tepu, akapima dirisha. Dirisha lilikuwa na urefu wa mita 1.5. Akaongeza sentimita 70 za usalama, akajibu mita 2.2. Mapazia yakashonwa mita 2.2 kamili, yakapandishwa basi, yakafika yamekunjwa vizuri. Muuzaji hana kosa hapo, alishona alichoambiwa.

Halafu akaja fundi wa kufunga mabomba. Dada akamwonyesha picha ya staa. Fundi naye, mtu wa watu, akatii picha. Akafunga mabomba mita 2.7 kutoka sakafuni. Sasa piga hesabu ya darasa la tatu: 2.7 toa 2.2, inabaki nusu mita. Pazia linaelea sentimita 50 juu ya sakafu. Kaptula hiyo.

Somo la kwanza liko hapo, na halihitaji hela. Pazia halipimwi kwa dirisha. Linapimwa kutoka pale bomba litakapokaa mpaka pale unapotaka liishie. Na maana yake ni kwamba bomba linaamuliwa KABLA ya kitambaa. Ukinunua kitambaa kwanza, bomba litakuja kukuumbua. Kwa pazia linalofika chini, acha kama sentimita 1 au 2 lisiguse sakafu. Babati kiangazi kina vumbi, na pazia linaloburuzika litafanya kazi ya ufagio.

Hiyo ya bweni sasa

Wacheshi wa bweni nao wanahitaji kuambiwa ukweli: mabomba matatu si aibu. Kama madirisha yako yameachana mita moja na zaidi, au yana urefu tofauti, kila moja kulipa bomba lake ni jambo la akili kabisa. Sharti ni moja tu, mabomba yote yakae usawa mmoja. Hapo fundi atumie pima maji, asitumie jicho. Jicho la fundi aliyechoka saa kumi na moja jioni si la kuamini.

Lakini nyumba ya Nakwa kesi yake ilikuwa nyingine. Ukuta una mita 5.4. Madirisha matatu, kila moja upana wa mita 1.2. Katikati ya dirisha na dirisha kuna ukuta wa sentimita 60. Pembeni, kila upande umebaki na sentimita 30. Madirisha yaliyokaribiana namna hiyo, macho ya mgeni hayayasomi kama matatu. Yanasoma kitu kimoja kirefu. Ukiweka mabomba matatu mafupi, kila moja na vile vichwa vya maua kwenye ncha, unapata vichwa sita vinatazamana kama watu wamenuniana kwenye daladala.

Na si suala la urembo peke yake. Yale mabomba yalikuwa yale ya kuvuta, na fundi aliyavuta mita 1.5 kila moja, yaani yamezidi dirisha sentimita 15 tu kila upande. Pazia likisukumwa pembeni linajikunja, halipotei. Mkunjo mmoja pale ulikula kama sentimita 30. Mikunjo miwili ni sentimita 60 kwenye bomba la mita 1.5. Kinachobaki wazi ni sentimita 90 kwenye dirisha la sentimita 120. Kila dirisha limepoteza sentimita 30, madirisha matatu yamepoteza 90. Yaani mume amelipia kioo, alminiamu na nondo za mita 3.6 aone ziwa, halafu karibu robo nzima imefunikwa mchana kutwa, hata mapazia yakiwa "wazi".

Sasa chukua mabomba yale yale. Yavute kila moja yafike mita 1.8. Tatu mara 1.8 ni 5.4, ukuta mzima. Toa vile vichwa vya katikati, bakiza viwili tu vya mwisho kushoto na kulia. Vishikio viwili vya kati vikae katikati ya zile kuta za sentimita 60, kila kimoja kishike ncha mbili za mabomba. Pazia likifunguliwa, mkunjo unakaa mbele ya ukuta badala ya kukaa mbele ya kioo. Sentimita 60 za katikati zinabeba mikunjo miwili ya 30. Zile 30 za pembeni zinabeba mmoja mmoja. Kioo chote kinabaki wazi. Hakuna kilichonunuliwa.

Kuna jambo wanaouza huwa hawasemi. Mapazia ya pete, yale yenye matundu makubwa yanayopitishwa kwenye bomba, hayawezi kuvuka kishikio cha kati. Pete inafika pale inagonga, mwisho wa safari. Kwa hiyo ukiona bomba refu la mita tano na ukajiona unavuta pazia moja kutoka kushoto mpaka kulia kama staa, sahau. Yule ana reli ya darini, na pazia lake linatembea kwa vigurudumu vidogo ndani ya reli. Wewe mwenye bomba na pete, panga kila pazia liishi kwenye kipande chake. Na usiondoe kishikio cha kati eti kwa ajili ya muonekano, bomba refu lililobeba mapazia mazito litapinda tumboni kama kamba ya kuanikia nguo.

Vipi kuhusu wingi wa kitambaa?

Hapa napo watu wanapigwa. Pazia likiwa na upana sawasawa na dirisha, ukilifunga linakuwa shuka. Halina marinda, halina uhai. Kawaida upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu mpaka mara mbili ya urefu wa bomba. Kwa bomba la mita 5.4, hiyo ni kati ya mita 8.1 na mita 10.8. Dada wa Nakwa alinunua vipande sita vya mita 1.5, jumla mita 9. Yuko ndani ya hesabu. Wale waliomwambia atupe anunue upya walikuwa wanamtupia hela ambayo si yao.

Angekuwa na bajeti ndogo zaidi, angeweza kuweka shela nyepesi ukuta mzima na mapazia mazito vipande viwili tu, mwanzo na mwisho. Kwa mchana inatosha. Ila usiku ukiwasha taa ndani, shela haifichi kitu, mpita njia anaona mpaka unachokula. Kwa hiyo inategemea dirisha linatazama nini. Likitazama barabara, utahitaji pazia la kufunga kabisa. Jua nalo liulize: ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi, wa magharibi jioni, na kitambaa cha rangi kali bila kitambaa cha ndani kitapauka mwaka haujaisha.

Sasa yale ambayo hayakuonekana kwenye video

Yote hayo yangekuwa ya kucheka tu kama si jambo moja. Yale madirisha hayakuwa na neti.

Fundi alminiamu aliweka vioo, akaacha nafasi ya neti, wakakubaliana zitawekwa hela ikipatikana. Hela ikapatikana. Dada alipokea mchezo wa kikundi chake, laki sita. Mume akiwa njiani na Fuso, mke akaamua mapazia kwanza, kwa sababu Jumapili ile kulikuwa na wageni wa kufungua nyumba, na kwa sababu neti haionekani kwenye kamera. Hilo la pili hakulisema, lakini nani asiyelijua? Hakuna mtu aliyewahi kupata laiki kwa ajili ya neti ya dirishani.

Nakwa ni karibu na ziwa. Mbu pale hawahitaji kadi ya mwaliko. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa anasinzia kwenye kochi jioni wakati wageni wanapiga picha, ndipo abebwe kupelekwa kitandani kwenye chandarua chake. Mwezi huo huo akaumwa malaria, akalazwa siku tatu. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mbu alipita dirisha lipi, au kwamba alimuuma hapo nyumbani. Lakini mama yake amekuwa akijiuliza, na kila mzazi anajua swali la namna hiyo halikuachi usiku.

Mume aliporudi, ugomvi ukawa mkubwa kuliko mapazia. "Mama watoto, nimekuachia hela ya neti umeninunulia kaptula?" Maneno yanachoma. Ila naye asijifanye mtakatifu. Mkewe alimpigia simu mara mbili kumuuliza mabomba yakae wapi. Jibu lake lilikuwa, "Hayo mambo yenu wanawake, malizaneni na fundi." Sasa baba, madirisha matatu ulipigania wewe, tena kwa fundi ulisimama mwenyewe na tepu. Kuyavalisha ndiyo yamekuwa mambo ya wanawake? Ukuta ni wenu wote wawili. Aliyekataa kupima hana haki kamili ya kulalamika kipimo.

Pazia lilikuwa la nini?

Yeyote aliyekulia nyumba ya kupanga anajua pazia la mlangoni. Nyumba moja vyumba vinane, korido moja, kila mlango una pazia lake. Mlango uko wazi upate hewa, pazia limeshuka upate staha. Mgeni anasimama nje anapiga hodi, hafunui mpaka aitikiwe. Mengi yalikuwa kitenge cha zamani au shuka iliyokatwa, yametundikwa kwa waya na misumari miwili. Hakuna aliyeyapiga picha, na kila mtu aliyaheshimu.

Pazia kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasione ndani. Leo limekuwa kitu cha kuwaita watu waje waone ndani. Humo ndimo hela zinapopotelea. Hakuna ubaya kupenda nyumba nzuri, na binti aliyejenga na mumewe kwa miaka minne ana haki zote za kujionyesha kidogo. Shida ni pale mtazamaji asiyemjua anapopewa kiti cha mbele kuliko mtoto anayelala ndani.

Na mastaa nao waseme ukweli. Si kila kilichomo kwenye zile video kimenunuliwa na mwenye nyumba. Vingine hutolewa na maduka kwa makubaliano ya matangazo, na wengine hata nyumba si yao. Ukiona jina la duka limetajwa mara tatu ndani ya dakika moja, jua hapo hauonyeshwi nyumba, unaonyeshwa tangazo. Wewe unayelipa kwa hela ya mchezo, ukimwiga anayelipwa kuonyesha, tayari mechi umeshafungwa.

Ilivyoisha

Aliyeokoa jahazi ni mama mkwe. Alikuja kumwona mjukuu, akakaa kwenye kochi, akayatazama mapazia kimya kwa muda. Akamwambia mkwewe, "Mwanangu, nguo hii haina shida. Iliyopanda juu sana ni fimbo." Hakucheka, wala hakuuliza hela ilitoka wapi.

Fundi akaitwa tena. Mabomba yakashushwa kutoka mita 2.7 mpaka 2.3, yaani sentimita 20 juu ya dirisha. Pale kuna lenta ya zege, kwa hiyo ilibidi iletwe drili yenye nguvu, lakini skrubu zikishaingia kwenye zege zimeingia. Vishikio vikapungua kutoka sita vikawa vinne. Pazia la mita 2.2 likishuka kutoka 2.3 linabakiza sentimita 10. Fundi cherehani akafumua pindo, akashona utepe kwa ndani, akapata sentimita 8. Zikabaki mbili, zile zile zinazotakiwa. Pete zinakwamakwama kidogo pale bomba jembamba linapoingia kwenye bomba nene, ndivyo mabomba ya kuvuta yalivyo, unazoea.

Gharama yake ilikuwa ufundi, cherehani, na rangi kidogo ya kuziba matundu ya zamani. Mume ndiye aliyeshika pima maji. Neti zikafungwa mwezi uliofuata, madirisha yote, kabla hata ya kununua meza ya kioo iliyokuwa imepangwa.

Hakuna video ya pili iliyotoka. Waliofika pale wanasema ukikaa kwenye lile kochi saa kumi na mbili jioni, ziwa lote unaliona, na mtoto anakimbia mle ndani mzima kabisa.

Kwa hiyo mdau mwenye madirisha matatu ukuta mmoja, mpango ni huu: neti kwanza. Halafu amua bomba linakaa wapi, pima kutoka hapo mpaka chini, hesabu upana, ndipo umtafute muuza kitambaa. Picha ya staa iangalie kwa rangi tu, usimpe fundi kama kipimo. Na wewe uliyeandika "kaptula" ukapata laiki zako, kwako neti zipo?

Tiririka hapo chini: madirisha yaliyokaribiana, bomba moja refu au kila dirisha na lake? Na nani kwenu anashika tepu, baba au mama? Matusi yatafutwa.